Kuunganisha ni Kutoa Maji

Jumatatu, tarehe 4 Mei

Mimi nimezaliwa na bahati. Anayebisha na abishe. Nikiwa na miaka saba nilianguka kutoka juu ya paa, nikatua kwenye godoro la jirani lililoanikwa juani. Nilipochumbia, wapinzani wangu wawili walikuwa warefu kuliko mimi na mmoja ana pikipiki; nikachaguliwa mimi. Nimefanya kazi miji mitatu. Nimekaa meza moja na matajiri (nilikuwa chini yake, natengeneza mguu). Bahati tupu.

Leo imebisha hodi tena. Binti yangu, kidato cha tatu, amerudi na kazi ya shule. Mwalimu wa biolojia anataka kila mwanafunzi aoneshe darasani, kwa vitu vya nyumbani kwao, jinsi molekuli za viumbe hai zinavyounganishwa na kuvunjwa kwa maji. Siku ni Ijumaa. Wazazi wanakaribishwa. Atakayeshindwa anatoka mkondo wa sayansi, maana kuna wengine nje wanaingoja nafasi yake. Binti anataka kuwa mfamasia. Ametaka hivyo tangu ana miaka minane, alipompimia paka dawa kwa kijiko cha chai.

Wenzake wamechagua mkate, mayai, maziwa. Yeye amechagua gundi. Gundi yangu!

Kwa faida ya wajukuu watakaosoma daftari hili: mimi ni fundi wa viti, meza na vitanda vilivyoachana. Gundi ya dukani siigusi. Napika yangu, kama alivyopika marehemu baba. Vipande vya ngozi kutoka kwa mchinjaji, unaviloweka kwenye maji ya chokaa, unaviosha mpaka maji yatoke safi, halafu unavipika sufuria ndani ya sufuria, moto mdogo, maji yasichemke, yatetemeke tu. Ikiiva inavuta nyuzi kati ya vidole. Ikikauka inakuwa vipande vigumu kama kwato. Harufu yake si nzuri. Ukweli lazima usemwe.

Ng'ambo ya njia, mlango kwa mlango na karakana yangu, yupo Misumari. Naye eti fundi. Kiti kikilegea, msumari. Meza ikipasuka, msumari. Akiumwa jino sijui itakuwaje. Amewahi kusema mbele ya wateja wangu kwamba gundi yangu ina mteja mmoja tu mwaminifu, naye ni nzi.

Mke wangu ameniita jikoni. Kwa ile sauti yake ya chini akasema kazi hii ni ya mtoto, na mkono wangu usionekane ndani yake. Nikasema nimesikia. Mdomo ndio uliosema. Moyo haukuulizwa.


Jumanne, tarehe 5 Mei

Binti amepika leo baada ya masomo. Nimempa gundi yangu kavu, akailoweka, akaigawa kwenye chupa tatu za mdomo mpana. A ameipasha moto polepole mpaka ikayeyuka, basi. B ameichemsha saa nzima. C ameichemsha muda wote aliokuwepo, na kijiko cha siki juu yake. Ijumaa atagundisha vibao jozi tatu, avining'inize, afunge ndoo chini, aongeze mchanga kidogo kidogo. A itabeba mzigo mkubwa, B wa wastani, C itaanguka.

Tukingoja moto akanieleza. Ngozi ni protini, na protini ni mnyororo mrefu, kila pingili ni asidi amino. Pingili mbili zikitaka kushikana, moja inaachia H, nyingine inaachia OH, na hivyo vilivyoachiwa vikikutana ni maji. Maji yanatoka, mkono unashikwa. Ukitaka kuziachanisha, lazima maji yarudi, molekuli moja kwa kila kiungo. Wanga nao ni hivyo hivyo, ila pingili zake ni sukari. Mafuta pia. Hata tumboni mwetu, amesema, kazi ya mchana kutwa ni kurudisha maji na kuvunja tulichomeza, na vimeng'enya ndivyo vinavyoharakisha.

Nikasema basi maji ni mshenga. Ndoa ikifungwa anaambiwa aende zake. Siku ya talaka anaitwa tena aketi katikati.

Binti akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema hiyo ataitumia darasani. Sijui kama kuna fundi mwingine mjini humu aliyewahi kuchangia sayansi.

Nimeandika kwa herufi kubwa nisisahau: KUUNGANISHA NI KUTOA MAJI. KUVUNJA NI KURUDISHA MAJI. Mambo ya kisomi ukiyashika hayana shida. Mimi niliacha shule kidato cha pili kwa hiari. Ilikuwa hiari ya mkuu wa shule, lakini hiari.

Nilimuuliza kwa nini aharibu gundi nzuri ili apate ile C. Akasema hilo ndilo somo lenyewe, Baba. Ngozi ikivunjwa kidogo inakuwa gundi. Ikiendelea kuvunjwa inakuwa supu. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Nimetangaza mtaa mzima. Misumari akauliza kama na misumari imealikwa, au ni sherehe ya vitu vinavyonuka tu.


Jumatano, tarehe 6 Mei

Nimeamka na chupa C kichwani. Nyepesi kama chai ya mgeni asiyetarajiwa. Ijumaa mtoto wangu atasimama mbele ya wazazi wa watu, na gundi iliyotoka karakana yangu, na ataiacha ianguke. Kwa makusudi! Misumari atapata habari kabla kengele haijalia.

Nikafungua daftari. Kuunganisha ni kutoa maji. Nikatulia, nikafikiri. Gundi kazi yake nini? Kuunganisha. Maji hutokaje? Kwa moto. Basi moto ukizidi, maji yanazidi kutoka, na mnyororo unazidi kushikana. Miaka ishirini na sita napika kwa moto mdogo kama mwoga, kwa sababu tu marehemu baba aliniambia yasichemke. Mungu amrehemu. Lakini baba hakusoma biolojia.

Binti alikuwa shuleni, mke sokoni. Nikazibandika zote tatu, kila moja sufuria yake, moto mkubwa, mifuniko wazi maji yapate njia. C ilishapewa siki jana. A na B hazikupewa. Nikaona huo ni upendeleo. Nikazitia zote siki.

Saa tatu asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Zimepungua, zimekuwa nyeusi, nzito, zinang'aa kama viatu vya bwana harusi. Nikarudisha kila moja kwenye chupa yake, nikapangusa chupa. Nimejiona mzazi.

Mke akarudi, akasimama mlangoni, akauliza kimeungua nini. Nikasema upepo umegeuka, unatoka kwa mchinjaji. Akasema upepo huo una siki.

Binti naye akafika, akainua A, akaitazama dirishani. Akauliza mbona nyeusi. Nikasema ng'ombe alikuwa mweusi. Akanitazama muda mrefu kuliko jibu lile lilivyostahili. Lakini muda hakuna, vibao vinataka siku nzima kukauka. Akapaka, akabana kwa jiriwa, akaandika A, B, C kwa penseli. Mkono wake mzuri. Sijui aliutoa wapi.


Alhamisi, tarehe 7 Mei

Siku ya giza.

Jana jioni, kwa mabaki ya A yaliyobaki kwenye sufuria, nilimgundishia mama fundi cherehani wa pembeni stuli yake. Nilimwambia asiikalie kabla ya adhuhuri. Akangoja kwa heshima mpaka adhuhuri. Saa nane akaja, miguu minne ndani ya kikapu, kikalio kwapani. Akasema alileta stuli ikiwa na mguu mmoja uliolegea, na kwamba anashukuru sasa ina miguu minne iliyo huru. Nikasema labda sakafu yake haiko sawa. Akasema sakafu anaijua vizuri, ametoka kuikalia sasa hivi.

Misumari akavuka njia, misumari minne kiganjani, uso wa mtu anayeingia msibani. Akampa mama wa watu bure. Stuli ikasimama mbele ya macho yangu ndani ya dakika tano.

Walipoondoka nikabandua tone lililokaukia ukingoni mwa sufuria. Gundi yangu ukiivunja hulia, ka!, kama kioo. Tone lile lilisagika kati ya vidole kama biskuti iliyosahauliwa kwenye bati.

Nikajua. Nikakaa juu ya sanduku la vifaa. Sikuchemsha maji yakatoka. Niliyachemsha yakaingia, kwenye kila kiungo, na siki ikayashika mkono na kuyaonesha njia. Mnyororo wote nimeukatakata.

Ningemwambia Binti. Alikuwa mezani anachora mchoro wake, analamba ncha ya penseli, anasoma kwa sauti ndogo: mmoja anaachia H, mwingine anaachia OH. Nimepita mlangoni mara nne. Mara ya nne akauliza, Baba, umepoteza kitu? Nikasema hapana.

Nimejiambia huenda vibao vikashika. Nina bahati mimi.


Ijumaa, tarehe 8 Mei

Sitaki kuandika. Naandika.

Mwalimu ni mama mfupi mwenye miwani. Hapandishi sauti, nadhani hajawahi kuhitaji. Wazazi tulikaa nyuma, kwenye madawati ya watoto, magoti kidevuni. Kijana wa mkate alitafuna kipande mpaka akasema kimekuwa kitamu, wanga umevunjika kuwa sukari. Akapigiwa makofi kwa kula.

Binti akasimama. Akaeleza pingili, akaeleza H na OH, akaeleza mshenga. Darasa likacheka pale panapochekwa. Mwalimu mwenyewe aliandika kitu. Mke wangu, aliyekaa kama jiwe tangu asubuhi, akanyoosha shingo. Nilitaka dunia isimame hapo.

Akaning'iniza A. Akafunga ndoo. Konzi moja ya mchanga. Pa! Chini.

Akaning'iniza B. Konzi moja. Chini. C haikungoja hata mchanga.

Mwalimu akauliza: kwa maelezo yako mazuri, A ndiyo ingekuwa imara kuliko zote, nini kimetokea? Binti akasema hajui. Akasema amefanya kila kitu kama alivyoandika. Nikaona vidole vyake vimeshika ukingo wa meza, kucha zimekuwa nyeupe.

Kutoka nyuma nikasema ni mbao. Mbao zilikuwa mbichi. Mwalimu akauliza mimi nani. Nikasema ni mtaalamu mwalikwa. Watoto wakacheka, na Binti akatazama viatu vyake.

Ni vile viatu. Vilitazamwa kana kwamba vimeandikwa kitu. Nikasimama tena, goti likagonga dawati, nikasema yote. Moto, siki, saa sita mfululizo, ng'ombe mweusi. Nikasema mtoto hana kosa, mwenye kosa huyu hapa, ana ndevu. Kwenye ng'ombe walicheka mpaka wazazi. Mke wangu hakucheka. Mwalimu hakucheka.

Mwalimu akasema jaribio lililoharibika halina alama, hata liwe limeharibiwa kwa mapenzi. Na nafasi ya mkondo bado ina wanaoingoja. Lakini kwa kuwa maelezo yalikuwa sahihi, atamruhusu kurudia Jumatano. Mara moja tu. Vikianguka, vimeanguka.

Tukarudi nyumbani watatu. Binti alitembea mbele.


Jumamosi, tarehe 9 Mei

Nyumba imenyamaza. Vijiko tu vinaongea.

Mke wangu amesema sentensi moja tangu jana. Amesema nimemfungia mtoto mlango ambao hata ufunguo wake siujui. Nimejaribu kumjibu. Nimeanza na neno lakini, akatoka nje kuanua nguo ambazo bado zilikuwa mbichi.

Binti ananiamkia, ananipa chai, ananiuliza kama nimeshiba. Hanichukii. Afadhali angenichukia. Mtu akikuchukia anakutazama.

Nimefanya kazi bila kazi. Nimepiga msasa kiti kilichokwisha pigwa msasa. Misumari ameniona, na hakusema neno. Hilo ndilo limenitisha kuliko yote. Mtu akinyamaziwa na Misumari ajue amekwisha.

Nimeapa. Sigusi chupa. Sigusi kibao. Sipiti hata karibu.


Jumapili, tarehe 10 Mei

Mwanga kidogo! Binti amekuja karakana, amepika tena chupa tatu mbele ya macho yangu. Amegundisha vibao vipya, amebana, ameviweka rafu ya juu, A, B, C. Kisha akaniambia kwa sauti ya wazi kwamba vipo pale, kwamba ni hivyo, na kwamba visiguswe. Ameniachia mwenyewe! Karakana yangu, rafu yangu. Mtoto asiye na imani na babake angefanya hivyo?

Kisha akachukua begi lake, akasema anaenda kusoma na mwenzake mpaka jioni. Na asome. Huku kuna mlinzi.

Nimekaa chini ya rafu saa nne. Sikugusa. Naandika ushahidi: sikugusa.


Jumatatu, tarehe 11 Mei

Bati la karakana lina joto la kukaanga yai. Nikiwa nimekaa pale chini, bila kugusa, nimesikia mlio. Tik. Mbao zinakauka. Mbao ikikauka haraka inapinda, na ikipinda inafungua kiungo. Hili si la vitabuni, hili ni la miaka ishirini na sita.

Ningekaa nitazame, nafasi ya mwanangu ipinde na mbao?

Wiki iliyopita nilikosea kwa moto. Nimekubali, nimekiri mbele ya kadamnasi, nimechekwa. Kwa hiyo safari hii si moto. Safari hii ni kinyume cha moto. Mtu anayejifunza kutokana na makosa ndiye huyu.

Nikalowesha magunia mawili, nikayakamua kidogo, nikavifunika vibao vyote vitatu. Nilifungua daftari kwanza, nisije nikaambiwa sikusoma. Imeandikwa kuvunja ni kurudisha maji. Lakini gunia si maji. Gunia ni gunia, lenye ubaridi. Kila nusu saa nikaongeza ubaridi.

Binti hakuja kuviangalia. Ameenda tena kusoma kwa mwenzake. Kabla hajarudi nikaondoa magunia, nikapangusa. Viko baridi, vimetulia. Vinanata kidogo kwa pembeni. Nikachukulia ni dalili ya gundi kuwa hai.


Jumanne, tarehe 12 Mei

Magunia tena, asubuhi mpaka alasiri. B imeota kitu cheupe kama ndevu za mbuzi mchanga. Nimekinyoa kwa wembe.

Mke amepita, ameona maji sakafuni. Nilikuwa tayari na hadithi ya bomba. Hakuuliza. Ametazama magunia, ametazama rafu, amenitazama mimi, halafu amefanya jambo la ajabu: ameniwekea mkono begani, kama unavyomwekea mgonjwa, akaenda zake kupika.

Nimelitafakari. Nadhani ameanza kunisamehe.

Kesho wazazi hawakualikwa. Ni Mwalimu na darasa tu. Nitapita karibu na shule kwa shughuli nyingine.


Jumatano, tarehe 13 Mei

Shughuli nyingine ilikuwa dirisha la tatu kutoka mlangoni.

Binti ameondoka asubuhi na vibao ndani ya begi. Mimi nimefuata nyuma kwa mbali. Nikajibanza ukutani, kidevu juu ya kizingiti.

Akafungua begi. Vibao vimefungwa kwenye gazeti. Akafunua, na mimi nikainuka kwa ncha za vidole. Si vile. Vya rafuni kwangu ni mbao nyekundu, hivi vilikuwa vyeupe. Herufi ni zile zile, mkono ni ule ule, mbao si zangu.

C: konzi tano za mchanga, chini. B: nusu ndoo, ikalia, ikaachia. A: ndoo nzima. Akaongeza matofali mawili. Akamwita kijana wa mkate ashike ndoo avute. Kijana akavuta mpaka miguu ikainuka. A ikacheka.

Darasa zima likapiga meza.

Mwalimu alikuwa hajamaliza. Akamwambia Binti achovye kiungo cha A kwenye maji moto. Baada ya muda vibao vikateleza, vikaachana taratibu. Mwalimu akauliza: je, hapa mnyororo umevunjwa? Nami jibu nilikuwa nalo! Nikasema ndiyo, maji yamerudi, mshenga ameitwa. Nilidhani nasema moyoni. Darasa zima likageukia dirishani.

Binti hakushtuka hata kidogo. Akasema, Mwalimu, huyo ni baba yangu, na jibu lake si sahihi. Hapo minyororo haijakatika, imelegea na kuteleza tu, ndiyo maana gundi hii ikipoa inashika tena. Kukata mnyororo wenyewe kunataka kuchemsha muda mrefu, na asidi. Kisha akasema kama mfano wa hilo unahitajika, upo nyumbani.

Mwalimu akaandika. Akasema anabaki mkondo wa sayansi. Kisha akamuuliza kazi hii safi ameifanyia wapi. Akasema: kwa jirani yetu, fundi wa misumari.

Niliposikia hivyo nikakaa chini, pale pale nje, kwenye majani.

Alinikuta hapo kengele ilipolia. Tukatembea pamoja. Hakuwa na hasira. Vibao vya rafuni, alisema, vilikuwa vya Baba. Alijua mikono yangu haiwezi kukaa bure, akaipa kazi. Mama alijua. Misumari alijua, akampa meza, akampa jiko, akafunga mlango wa mbele, na siku tatu nzima hakumwambia mtu. Nikamuuliza kama ilimuuma kunidanganya. Akasema kuhusu vibao hakunidanganya; aliniambia visiguswe. Ilikuwa kama nyumba yenye mtoto mdogo, alisema. Dawa unaiweka juu, na chini unamwachia mtungi mtupu auchezee. Humchukii mtoto.

Akanishika mkono tulipovuka barabara. Nadhani kwa sababu ya magari.

Niliporudi karakana nikavining'iniza vile vyangu vya rafuni. A, B, C. Nikafunga ndoo tupu. Viliachana kabla sijaachia kamba ya ndoo. Nikaenda ng'ambo ya njia kumshukuru Misumari. Nilikuwa na hotuba. Nilipofika nikasema ahsante tu. Akasema usijali, jirani, hata msumari huingia kwa kupigwa. Sijui alikuwa ananifariji au ananitukana. Tukanywa chai. Kiti alichonipa kilikuwa kimejaa misumari na hakikulegea hata kidogo.

Nina furaha. Naandika tena nione kama ni kweli. Mwanangu amebaki. Nina furaha, na kifua kinauma kama nimemeza kwato.


Alhamisi, tarehe 14 Mei

Mke wangu ameongea leo. Ameniomba chumvi. Nikampa kwa mikono miwili.

Wakila asubuhi, Binti alikuwa anamweleza mama yake kazi ya muhula ujao. Ni wanga na mate. Mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga kuwa sukari, kwa maji yale yale. Anahitaji mate kidogo kwenye chupa ndogo, ajaribu na uji wa wanga. Mimi nilikuwa nasikiliza ukutani. Hakuna aliyeniomba kitu, na sikuuliza.

Muhula ujao uko mbali, lakini anayesubiri siku ya kazi ndipo anunue msumeno si fundi. Nimeanza leo. Toka asubuhi nimejaza chupa nusu, ile ya mdomo mpana, ipo chini ya kitanda. Imeniletea kiu na watu wananiuliza kwa nini siongei. Nimeongeza chokaa kijiko kimoja isiharibike, na siki kijiko kimoja, maana siki nimejionea mwenyewe inavyoharakisha mambo. Safari hii siwezi kukosea. Mate ni yangu mwenyewe, na hayapikwi.

Nimefikiri sana kwa nini mambo ya wiki mbili hizi yalikwenda yalivyokwenda. Nimepima moto, nimepima maji, nimepima nia yangu, na sioni nilipokosea. Ni ile bahati niliyojisifia. Nilidanganya. Sina bahati, wala sijawahi kuwa nayo.